Wembe wa Kamongo

Mimi ni mwanamke, ndevu sina, na kwa karibu miaka kumi na tano nilikusanya nyembe za wanaume. Ukitaka kucheka, cheka kabisa umalize. Majirani zetu pale Kisumu walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kumwonea huruma mume wangu.

Sizungumzii zile nyembe nyembamba za dukani zinazokuja ndani ya karatasi. Nazungumzia nyembe za kukunja, zile ndefu za vinyozi wa zamani, ambazo chuma chake hufichwa ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Mambo yalianza na kioo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kinyozi mmoja Mhindi, mzee mpole ajabu, alikuwa anafunga duka ahamie kwa binti yake ng'ambo, akawa anauza kila kitu. Mimi nilikuwa taipisti katika ofisi moja mjini, nimeolewa juzi tu, na nyumba yangu haikuwa na kioo. Nikanunua chake, kikubwa, chenye droo chini. Kufika nyumbani nikavuta droo, nikakuta wembe.

Nikaufungua. Jamani! Chuma kilikuwa safi hadi nikaona jicho langu ndani yake, na pale karibu na mpini palikuwa na maandishi madogo, kama yameandikwa na chungu aliyeenda shule. Jina la mtu, na chini yake jina la mji: Sheffield. Nilikaa sakafuni na viatu vyangu vya kazini, nikasahau hata kuwasha jiko. Kuna mtu alikitengeneza kitu hiki kwa mikono yake, akaridhika nacho, akaweka jina lake. Alikuwa nani? Alikuwa na watoto? Alikuwa na kisirani nyumbani? Kesho yake nilimrudishia mzee wembe wake mbiombio, nikidhani aliusahau. Akakataa kuupokea. Alisema droo na kioo ni kitu kimoja, na aliyenunua kimoja amenunua vyote.

Basi ugonjwa ukanishika. Saa ya chakula cha mchana wenzangu wakienda kula samaki, mimi nilibaki na taipu ya ofisi nikiandikia maktaba ya Sheffield, kwa Kiingereza cha heshima zote, nikiulizia fundi aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Na walinijibu! Barua ilikuja na muhuri wa malkia, ikisema fundi yule alikuwa na karakana nyuma ya kanisa, alikuwa na binti sita, na uzeeni aliacha kazi ya vyuma akawa mhubiri wa mtaani. Niliruka pale ofisini nikamkumbatia mesenja. Binti sita! Nilifurahi kama ndugu yangu aliyepotea ameonekana.

Baada ya hapo hakuna kinyozi aliyepumzika. Nilipata wembe mtaa wa Obunga kwa kinyozi aliyekuwa anautumia kukatia sabuni. Nilipata mmoja kwa mstaafu wa reli aliyefungulia nao bahasha, mwingine kwa mama aliyekuwa akitoa nao magamba ya samaki wa ngege, nami nikalia machozi ya kweli mbele yake mpaka akanipa ili ninyamaze. Kila wembe niliuandikia barua yake. Mwingine ulitoka Sheffield, mwingine Solingen kule Ujerumani. Barua za Kijerumani nilimpelekea padri mmoja Mholanzi aliyezisoma huku akijishika mbavu, kwa sababu Wajerumani walikuwa wananishauri niwaulize Waingereza, na Waingereza walikuwa wameshanishauri niwaulize Wajerumani.

Mume wangu hakuwa na neno. Ni mtu mtaratibu, anayepata usingizi hata kanisani wakati wa matangazo. Shida yangu ilikuwa mama yake.

Mama mkwe wangu aliishi Kano, nje kidogo ya Kisumu, lakini kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa pale alipozaliwa, kwa hiyo yeye hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, tangu siku aliyoletwa. Mimi vilevile aliniita Nyar Seme, na alipokasirika aliivuta hiyo Seme mpaka ikawa ndefu kama foleni ya posta. Nilimpenda na nilimwogopa, na sijui kipi kilitangulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuona vumbi juu ya kabati.

Na wembe kwa watu wake si kitu cha kuchezea. Mtu akifa bomani, baada ya mazishi watu wa nyumba yake hunyolewa nywele, na siku hizo wembe mmoja ulizunguka vichwa vyote. Wembe uliokwisha kufanya kazi hiyo hukai nao mezani na sukari. Ukiuleta kwa hiari yako katika nyumba ya mwanaume aliye hai, unamtakia nini huyo mwanaume? Mimi nilijua hayo vizuri sana. Ndiyo maana nyembe zangu zote nilizificha chumba cha kulala, ndani ya debe la biskuti chini ya kitanda, kwa sababu mzazi haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hata nyumba iwake moto, mama mkwe angesimama mlangoni atuite. Debe langu lilikuwa salama kuliko benki.

Sasa sikia nilivyouona wembe wa kamongo. Nilikwenda soko la Pap Onditi na rafiki yangu wa kazini kununua mtama, nikamkuta mama anayeuza vyuma vikuukuu juu ya gunia: bawaba, vijiko, kufuli zisizo na funguo. Katikati yake palikuwa na wembe. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, mweusi, umeshikwa na pini mbili za shaba. Chuma kilikuwa kinene mgongoni na kizito. Haukuwa na jina wala mji. Palipo na jina kwenye nyembe nyingine, huu ulikuwa na samaki. Samaki mrefu, mwembamba, mwenye mapezi kama nyuzi, ambaye mtu yeyote wa huku angemtambua ni kamongo, yule anayejizika kwenye tope ziwa likikauka. Ila mimi nilikuwa nimesoma barua nyingi mno za ng'ambo. Nikajiambia ni samaki mkunga wa Ulaya.

Mama yule aliniambia kinagaubaga kwamba wembe umetoka katika boma moja lililohama, na kazi yake ilikuwa ya misiba. Moyo ukanilipuka, nusu kwa hofu na nusu kwa furaha, na niseme ukweli hapa: furaha ilishinda. Tukabadilishana. Yeye alichukua mwavuli wangu mpya, mimi nikachukua wembe, na mvua ikatunyeshea njia nzima huku nikicheka peke yangu.

Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila kumjua fundi wa samaki huyo. Nyembe thelathini nilikuwa nimezipatia wenyewe. Huu wa thelathini na moja ulinikatalia. Nilichora chapa yake kwa penseli nikaituma Sheffield. Niliwaeleza kwamba samaki anatazama nyuma, amegeukia mgongo wa wembe badala ya makali, na kwamba karibu na pini kuna mistari midogo iliyopishana, huenda ni mapambo. Wakajibu kwa masikitiko kwamba chapa hiyo hawaijui na haimo katika vitabu vyao. Solingen nao hawakuijua. Niliandika Ufaransa. Niliandika Uswidi! Padri Mholanzi alianza kunikwepa baada ya misa. Miaka saba ikapita, nami kila Jumamosi nikiupaka mafuta wembe ule nauuliza kwa sauti, wewe ni mtoto wa nani?

Jumamosi ilikuwa siku ya mafuta kwa sababu hewa ya ziwa haina huruma na chuma. Ukilala wiki moja, kutu inaamka kabla yako. Nilikuwa nazitoa nyembe zote, nazifungua, nazipanga juu ya shuka pale meza ya sebuleni penye mwanga wa dirisha, nafuta mmoja mmoja. Na Jumamosi moja, mwaka ule ambao magugu maji yalifunika ziwa hadi ng'ombe wakadhani ni malisho, mama mkwe alikuja bila kutuma habari.

Hebu ione picha aliyoikuta. Mlango uko wazi kwa ajili ya joto. Mwanawe amelala kwenye kiti, kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi, shingo yote iko nje. Kando yake nyembe thelathini zimefunguliwa zinameremeta. Na mimi nimesimama hapohapo na wa thelathini na moja mkononi, naufuta kwa kitambaa, natabasamu.

Hakupiga kelele. Alimweka chini kuku aliyekuwa amembeba kwapani, akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akaniuliza taratibu kabisa.

"Anapumua?"

Mume wangu alikoroma, ndipo mama akakaa. Kwanza nilishikwa na kicheko, kile kibaya kinachokuja ukiwa mahali pasipofaa, nikageuka nikajifanya nakohoa. Lakini macho yake yalikuwa yananisubiri. Akauliza vitu hivi vilitoka wapi. Na mimi, badala ya kudanganya kama mtu mwenye akili, nikaanza kumweleza kwa fahari kama mwongozaji wa watalii: huu wa mhubiri mwenye binti sita, huu wa kinyozi wa Obunga, na huu, Mama, huu sijui ni wa nani, ila ulikuwa wa kunyolea misiba. Maneno yalipotoka nikayasikia. Ningeweza kuyarudisha kinywani ningeyameza pamoja na ulimi.

Alisimama. Alisema hatakunywa hata maji katika nyumba hii mpaka vyuma hivyo viingie ziwani, na atashuhudia kwa macho yake. Mama mkwe asipokula kwako si jambo dogo. Habari ingefika Kano kabla ya jua kuzama, na huko Seme kwetu kesho asubuhi. Mume wangu alikuwa ameamka, anatutazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Alibeba debe bila kuuliza. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Wembe wa kamongo nilikuwa nimeshaufunga kwenye kipande changu cha flana, nikauweka juu ya wenzake. Kuku tulimwacha amefungwa mguu wa meza.

Basi tukafika Dunga, ufuoni mwa ziwa, sisi watatu, mama mbele, mimi nyuma nikifuta kamasi. Ziwa halikuonekana. Kulikuwa na shamba la majani mabichi yenye maua ya zambarau, mitumbwi imekwama ndani yake, na akina mama wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, wakitutazama. Mama mkwe akamwambia mwanawe atupe. Mume wangu akanitazama mimi. Nikamchagulia ule wa kukatia sabuni, uliokuwa mbovu kuliko wote, nikaupungia mkono. Akautupa kwa nguvu zake zote.

Haukuzama. Ulitua juu ya jani moja pana, ukajifungua, ukakaa pale unawaka juani kama uko dirishani mwa duka. Akina mama wa omena walivunjika mbavu. Mama mkwe akasema tupa mwingine, mbali zaidi, na hapo mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akasimama. Alikuwa na hasira ya haki. Alituuliza kama tunajua watu huingia kwenye maji hayo na miguu mitupu kila asubuhi kusukuma mitumbwi, na kama tumewahi kukanyaga wembe. Akachukua kasia refu, akauvuta ule wembe mpaka ukingoni, akaurudisha kwenye debe letu kwa adabu, akasema tukatupe kwetu.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kunyamaza. Nikacheka. Nisamehewe, nilicheka mpaka nikakaa mchangani, na mume wangu naye akaanza, mabega yanamruka. Mama mkwe hakucheka. Alinyakua debe, akatafuta wembe ulio mbaya kuliko zote, na kwa hesabu yake ulio mbaya ulikuwa ule uliofungwa peke yake kwenye flana. Akafungua flana. Akainua mkono autupe.

Mkono ukabaki juu.

Kisha akaushusha polepole, akausogeza wembe karibu na macho. Miwani hakuwa nayo. Akapapasa chapa kwa kidole gumba, akarudia, akarudia tena. Kicheko kiliniishia chote. Nilidhani ameshikwa na ugonjwa.

"Hii umetoa wapi?" akauliza.

Nikamwambia Pap Onditi, kulekule kwao Nyakach.

"Samaki inaangalia nyuma," akasema. "Baba alikata muhuri, akasahau kwamba ukigonga inageuka. Tulimcheka mpaka akatufukuza nje."

Alituambia mengine akiwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, na hakuwa akinitazama mimi. Baba yake alifanya kazi karakana moja hapa Kisumu wakati yeye ni msichana. Tupa za kunolea vyuma zilipoisha meno zilitupwa, naye akazibeba mpaka nyumbani Nyakach, akazichoma, akazigonga zikawa nyembe. Mistari ile midogo niliyowaandikia wazungu kwamba ni mapambo ilikuwa meno ya tupa, pale nyundo haikufika. Na moto ule ulikuwa unapulizwa na mtoto wa kike, yeye, kwa mfuko wa ngozi, akilia moshi. Kamongo alichorwa kwa sababu ndiye samaki pekee ambaye baba yake alijua kumchora. Alipokufa, binti alikuwa ameshaolewa Kano, ndugu zake wakagawana vyuma vyake na kuviuza. Yeye hakupata hata nyundo. Hakuwa na hata picha.

Nikamtazama, huyo Nyar Nyakach. Nilikuwa nalisema jina hilo kila siku ya Mungu! Niliandika Uswidi, watu wa Uswidi, nikiulizia wembe wa Nyakach, na binti wa Nyakach alikuwa anakunywa chai sebuleni kwangu kila mwisho wa mwezi, hatua kumi kutoka kitandani. Nilimficha mtu mmoja tu duniani, na ndiye mtu mmoja tu duniani aliyejua. Nilijiona mjinga wa kupimwa kwa ratili, na bado moyo ulikuwa unanirukaruka kwa furaha hata nikashindwa kukaa.

Nikamwambia habari za barua zangu zote. Akasikiliza ile ya Sheffield mara mbili, nikimtafsiria: chapa hii hatuijui, haimo katika vitabu vyetu. Niliogopa itamuumiza. Kumbe! Aliketi wima. Wazungu walishindwa kumjua? Wameandika wenyewe, na wametia sahihi? Akaitaka barua hiyo.

Halafu akafungua wembe, akautazama mwanga ukipita kwenye makali, akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kujiuliza.

"Unakata?"

Sikujua. Nyembe thelathini na moja, barua zimejaa sanduku, na sikuwa nimekata nazo hata uzi. Nilimjibu hivyo. Alinitazama kwa huruma kubwa, akasema mimi ni mtu wa kupika chungu kizima na kulala bila kuonja. Kisha akasema twende nyumbani, ana njaa.

Alikula yule kuku, alikula na ugali wa pili. Asubuhi iliyofuata aliondoka na wembe wa kamongo ndani ya flana yangu, pamoja na barua ya Sheffield. Sikuombwa ruhusa, na sikustahili kuombwa. Barua aliiwekea fremu ikatundikwa Kano juu ya kalenda ya kanisa, na kila mgeni aliyeweza kusoma Kiingereza aliombwa aisome kwa sauti mpaka pale wanapokiri kwamba hawajui. Hapo alikuwa akipiga paja. Nyembe nyingine zilibaki kwangu, ila zilihamia kabatini sebuleni, na alipokuja aliniuliza hali ya yule mwenye binti sita.

Mama mkwe alifariki karibu na mwisho wa miaka ya tisini, kwa uzee, akiwa amelala. Wakati huo mambo ya kunyoa yalikuwa yamebadilika. Mchungaji hakuyapenda, wauguzi walikuwa wamefundisha kila kijiji kwamba wembe mmoja hauzunguki tena vichwa, na familia ikaamua atakayenyolewa alete wembe wake mpya wa dukani. Mimi nikamwomba wifi yangu mkubwa anitafutie ule wa kamongo katika sanduku la mama. Ulikuwepo, umepakwa mafuta, hauna hata doa la kutu. Mama wa watu alikuwa anaufuta kila Jumamosi kama mimi.

Niliuosha kwa spiriti mara tatu, nikaunoa kwenye mkanda wa ngozi jinsi vinyozi walivyonionyesha. Halafu nikakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, wifi akanilowesha kichwa, akaanza hapa nyuma ya sikio. Nywele zikaanguka mapajani. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nasikia kicheko kinapanda, kilekile cha Dunga, na sikukizuia. Wifi akasimamisha mkono, akauliza kama unaniuma.

"Unakata, Mama," nikasema. Nilisema kwa sauti, nimeelekea kaburi. "Unakata vizuri sana."